Baada ya Aya ya Tisa

Mwanangu Athumani,

Siku baba yako alipofariki, mimi sikumsomea Yasini. Watu wote waliokuwamo ndani ya nyumba ile wanaamini nilimsomea. Bibi yako anaamini, mama yako anaamini, na wewe unaamini kuliko wote. Nilisoma aya tisa za mwanzo, ambazo nazijua, na aya mbili za mwisho, ambazo nilizishika kwa kuzisikia misibani. Katikati, mahali penye aya zaidi ya sabini, nilitunga. Nilitoa sauti za kufanana na Kiarabu, nikazivuta na kuzikata kama wasomaji wanavyofanya, mpaka nilipoona inatosha, nikaingia kwenye zile mbili za mwisho. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Wewe ni wa kwanza, na una miaka kumi.

Nakuandikia alasiri hii kwa sababu kesho asubuhi lori litakuchukua kwenda Kondoa, kwenye chuo cha Kurani, na kuna jambo lazima ulijue kabla hujakaa mbele ya mwalimu wa huko. Nimeukuza mwandiko makusudi. Uko darasa la nne, utaweza. Ukikutana na neno gumu liruke, lakini usimpe mtu akusomee. Mambo ya blanketi, sabuni na kusalimia wakubwa mama yako ameshakueleza mpaka umeyachoka, mimi siyarudii.

Niko ndani ya darasa lenu. Shule imefungwa, hakuna mtu. Nimekaa kwenye dawati la mbele kwa kuwa lile la nyuma limevunjika mguu.

Nakuita mwanangu, na najua wenzako wanalicheka neno hilo linapotoka kinywani mwangu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, ndevu bado. Lakini siku ya kuondoa matanga wazee walikaa wakasema kwamba mdogo wa marehemu ndiye baba wa mtoto sasa, kama ilivyo desturi yetu. Mzee Nkuwi, balozi wetu wa nyumba kumi, alinitazama miguu akasema, "Basi tumepata baba wa kaptula." Nilikuwa nimevaa sare ya shule, sikuwa na suruali. Watu walicheka kile kicheko kidogo cha msibani. Wewe hukucheka. Ulikuja ukakaa karibu na goti langu, ukabaki hapo mpaka wazee walipotawanyika. Siku ile niliona aibu mbili, moja ya kaptula na moja ambayo hakuna aliyeijua.

Nitakueleza tangu mwanzo.

Nilipokuwa na umri wako nilianza chuo kwa Mwalimu Salimu, kule nyumbani kwetu kwa zamani, kwenye miinuko nyuma ya Ihanja. Baba yako alikuwa ameshamaliza chuo hicho miaka mingi nyuma, akiwa na Yasini yote kichwani na sura nyingine nyingi. Mwalimu alikuwa akinitajia jina lake kila nilipokosea. Mimi sikuwa mvivu, ila nilikuwa mtu wa kuuliza, na kuuliza kulinichelewesha. Siku moja Mwalimu alitueleza kwamba Kurani haina mfano. Alisema Mwenyezi Mungu aliwapa wenye shaka nafasi, walete sura moja tu iliyo kama yake, hata fupi, na wawaite wasaidizi wote wanaowataka, na Waarabu wa zama zile walikuwa mafundi wa maneno kuliko watu wote, lakini walishindwa. Alisema hakuna aliyeweza na hakuna atakayeweza, na huo ndio muujiza wake.

Mimi nikanyoosha mkono. Nilimwuliza, sisi ambao hatujui Kiarabu, tukiletewa iliyo yake na isiyo yake, tutazitambuaje? Wenzangu waliguna. Mwalimu alinitazama, kisha akasema, "Wewe Iddi, hata ukipewa maji ya kunywa utauliza kama ni maji." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikainama. Baadaye, wenzangu walipokuwa wanatoka, aliniita akaniambia kwa upole kwamba nikiihifadhi nitajua. Sikuihifadhi. Mwaka uliofuata nilifaulu kwenda shule ya mbali, nikaondoka chuoni nikiwa na sura fupi za mwisho na aya tisa za Yasini.

Shuleni niligundua kwamba naweza kutunga. Mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa mashairi ya kusoma, nikayasoma, kisha nikaanza kutunga ya kwangu kwa mizani ile ile, na hakuna aliyeamini ni yangu. Niliandika utenzi wa kilimo cha pamoja, ukasomwa mbele ya wageni wa Chama. Nikianza kusikiliza jinsi mtu anavyozungumza, baada ya muda naweza kuandika kama yeye. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilianza kuona kwamba kila kilichoandikwa kinaweza kuandikwa tena na mtu mwenye subira. Swali langu la chuoni lilikuwa bado limo ndani yangu, na sasa lilikuwa na kiburi kidogo. Nakuambia haya usije ukadhani kwamba lile nililofanya lilitoka hewani. Lilikuwa limeshajiandaa.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Unaukumbuka mwenyewe, ulipanda juu ya magunia ya mtama kwenye trela la trekta. Sisi tuliletwa hapa barabarani, na Mwalimu Salimu alipangiwa kijiji kingine, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kitabu cha Yasini cha baba yako kilikuwa ndani ya sanduku la bati, na sanduku hilo halikufika. Mama yako alilitafuta kwenye kila trela. Baba yako alimwambia aache, kwani Yasini anayo kichwani.

Mizinga yake ya nyuki ilibaki kule juu mitini. Alikuwa akiifuata mmoja mmoja. Nilikuwa nimekuja likizo, na mara mbili nilikwenda naye kuibeba. Mara ya tatu nilisema nataka kumaliza kitabu. Alikwenda na Mzee Nkuwi. Tawi lilikatika, akaanguka na mzinga ukamwangukia kifuani. Walimleta juu ya kitanda, watu wanne wakipokezana na wengine wanne.

Mganga wa zahanati alisema apelekwe hospitali ya Singida. Gari liliagizwa. Tulikaa tukilisubiri siku hiyo na siku ya pili yake, kila mlio wa barabarani mama yako akitoka nje. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, baba yako alisema asomewe Yasini. Hakusema anakufa. Alisema hivyo tu, kama mtu anayeomba maji. Mzee Nkuwi alichukua baiskeli kwenda kumleta Mwalimu Salimu, na sote tulijua hatarudi kabla ya jioni.

Bibi yako alinigeukia. Aliniambia, "Iddi, wewe umesoma. Msomee kaka yako."

Mwanangu, neno "umesoma" lina mambo mengi ndani yake. Kwa bibi yako kusoma ni kusoma, awe mtu amesoma jiografia au Kurani. Ningeweza kumjibu kwamba najua aya tisa tu. Maneno yalikuwa hayo matano au sita, na hayakutoka. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa jirani, na wote walinitazama mimi niliyevaa viatu. Nikakaa kando ya kichwa chake, nikaanza.

Aya tisa ni fupi. Zinaisha haraka sana. Nilipoimaliza ya tisa nilivuta pumzi kama mtu anayetaka kuendelea, na kwa kuwa nilikuwa nimevuta pumzi, niliendelea. Vipande vya mwanzo vilikuwa vya sura fupi, nilivichomeka humo. Vilipokwisha nilianza kutunga. Sikupanga, ulimi ulikwenda wenyewe. Mwishoni mwa kila kipande nilirudisha ile sauti inayorudi katika Yasini, na mahali pa kuvuta nilivuta. Bibi yako alianza kulia. Wanawake wa jirani nao wakaanza. Na hapa ndipo penye lile ninaloliona gumu kuliko yote kuliandika. Nilipowaona wanalia, nilijisikia vizuri. Kwa muda mfupi, labda wa pumzi mbili, nilimsahau mgonjwa, nikasikiliza sauti yangu nikaona imeweza. Niliongeza mahali ambapo ningeweza kukatisha.

Hapo baba yako alifumbua macho akanitazama.

Yeye aliijua Yasini, Athumani. Ndani ya nyumba ile ni yeye peke yake aliyeijua. Nilinyamaza. Alinitazama kwa muda ambao siwezi kuupima, kisha akasema, "Endelea, Iddi." Akafumba macho tena.

Niliendelea kwa sababu aliniambia niendelee. Sauti zilizotoka sasa sizikumbuki. Ninachokumbuka ni midomo yake. Ilikuwa inatikisika, bila sauti, na haikuwa inakwenda na yangu. Mimi nilipokata yeye hakukata. Mimi nilipovuta yeye alikuwa ameshapita. Niliinama nisikie, sikusikia kitu, pumzi tu. Nilipofika kwenye aya mbili za mwisho nilizisoma polepole nikimsubiri, nikadhani tutafika pamoja. Sijui kama tulifika pamoja. Nilipomaliza, midomo yake bado ilikuwa inatikisika kidogo, na baada ya hapo ikaacha.

Mwalimu Salimu alifika jua linatua. Kesho yake alimwosha, akamsalia, tukamzika. Pale kaburini bibi yako alimwambia kwamba Iddi alisoma Yasini yote, hakuna hata aliyekohoa. Mwalimu alinishika bega mbele ya watu akasema kumbe nilihifadhi bila yeye kujua, Mungu aniongezee. Nilikuwa na nafasi hapo. Tulikuwa tunarudi nyumbani, mimi na yeye tumebaki nyuma, njia ni nyembamba, hakuna aliyesikia. Nilimwuliza habari za kijiji chao kipya. Alinieleza habari za kisima.

Aliondoka siku ya tatu kwa kuwa huko nako alikuwa na msiba. Na alipoondoka, bibi yako aliniambia nimsomee marehemu kila alasiri ile Yasini niliyomsomea, mpaka nitakaporudi shule. Ningekataa kwa sababu gani? Nikaogopa kitu kimoja tu: kwamba leo nitasema hivi na kesho nitasema vile, na mtu mwenye sikio zuri atagundua. Basi nilichukua daftari nikajificha nyuma ya zizi, nikaandika kwa herufi zetu hizi zote nilizozikumbuka za siku ile, na pale nisipokumbuka nikatunga upya. Ikawa kitu kilichoandikwa, chenye mwanzo na mwisho. Niliisoma siku zote kumi na moja zilizobaki za likizo, haikubadilika hata siku moja.

Mwenye sikio zuri alikuwapo. Ni wewe. Ulikuwa unakaa karibu na goti langu ukitikisa kichwa, nami nilidhani unasinzia.

Niliporudi shuleni nililala na daftari lile chini ya godoro kwa majuma mawili, kisha nikalipeleka jikoni nikalitia chini ya sufuria ya uji. Nilidhani nimemaliza. Lakini moyo wangu ulikuwa na swali lile lile la chuoni, na safari hii halikuwa la kiburi, lilikuwa la woga. Watu walilia. Hakuna aliyetofautisha. Je, nimefanya lile ambalo Mwalimu alisema haliwezekani? Sikutaka liwezekane, mwanangu. Nilitaka kwa nguvu zangu zote nionyeshwe kwamba nilishindwa.

Bwenini kwetu yuko kijana aliyehifadhi, mtu mtaratibu, kila Alhamisi alasiri husoma Yasini kitandani kwake. Nilikwenda nikakaa naye. Nilisikiliza kuanzia aya ya kumi kwa masikio yote, nikitarajia nitaisikia tofauti, kwamba ya kweli itanipiga na nitajua yangu ilikuwa takataka. Ningependa kukuandikia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sikuisikia tofauti. Kwa masikio yangu ilikuwa nzuri, na yangu nayo, nilivyoikumbuka, ilikuwa nzuri. Nilitoka nje nikakaa karibu na bomba mpaka kengele ya chakula.

Baadaye mwalimu wa dini aliniazima msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili. Nikaanza na aya tisa nikazikuta sahihi, kisha nikaingia katikati, nchi ambayo sikuwahi kufika. Nilikuta mna mtu anayekuja mbio kutoka upande wa mbali wa mji kuwaambia watu wake neno. Nilikuta mna ardhi iliyokufa ikahuishwa, ikatoa nafaka watu wakala. Mna jua na mwezi na njia zao. Nilifunga kitabu hapo. Baba yako alikuwa mkulima. Mwaka ule mvua haikuwa imefika, tulikuwa tumehamia kwenye udongo tusioujua, na aliniomba nimsomee maneno ambayo ndani yake mlikuwa na udongo uliokufa unaofufuka. Mimi nikampa debe tupu nikalipiga kwa ufundi. Katika yangu hamkuwa na mtu anayekuja mbio. Hamkuwa na punje. Hamkuwa na chochote.

Tangu hapo nimefikiri hivi, ingawa sina hakika. Wale wanawake hawakunililia mimi. Walilia kwa ile waliyodhani wanaisikia. Mimi sikutengeneza kitu, niliazima machozi ya Kurani bila kuwa nayo. Nilimwuliza mwalimu wa dini, nikijifanya nauliza habari za mtu mwingine, kama mtu akimsomea mgonjwa kisichokuwa Kurani, mgonjwa anapungukiwa nini. Alinieleza mengi kuhusu nia ya mgonjwa na dhambi ya msomaji. Alikuwa mwema, na kila alilosema lilikuwa na maana. Lakini alikuwa anamjibu mtu ambaye hayupo.

Likizo hii nimefika, na kabla sijaweka begi chini mama yako ameniambia, kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu msiba, kwamba mwanangu ameishika Yasini yote kwa kunisikiliza mimi tu. Akakuita. Ukasimama mlangoni, mikono pembeni, ukasoma. Aya tisa. Kisha zangu zote, na mivuto yangu, na pale nilipokohoa siku ya pili ulikohoa. Kisha mbili za mwisho. Bibi yako akasema hata marehemu hakuwa hivi utotoni. Nami nilikaa kwenye kigoda na begi mapajani. Daftari niliweza kulichoma. Lililo kichwani mwako siwezi.

Ndiyo sababu wamekuchagua. Bibi yako alimpelekea Mwalimu Salimu habari kwamba mtoto wa marehemu Hamisi anaisoma Yasini nzima, na Mwalimu, ambaye hajakusikia bado, amekutafutia nafasi Kondoa kwa kuamini mama mzee hawezi kudanganya. Naye hajadanganya. Amefika hapa leo, yuko kwa Mzee Nkuwi, na ndiye atakayekusindikiza kesho. Nilikusihi usimsomee mtu leo, upumzishe sauti. Ulinitii. Unanitii kila kitu.

Jana tulipokuwa lamboni kunywesha mbuzi uliniambia kwamba siku ya kwanza ukifika, mwalimu wa huko atakapokuuliza unajua nini, utamsomea Yasini ya baba. Ulisema hivyo, Yasini ya baba. Nilifungua mdomo nikuambie. Nikakuambia mbuzi mweupe anachechemea. Wanasema mzee yule wa Kondoa husikiliza akiwa amefumba macho. Aya ya kumi atayafumbua. Sijui atafanya nini. Pengine atacheka tu, na wanafunzi wakubwa watacheka. Pengine atakuuliza nani amekufundisha, na wewe utasema baba mdogo, kwa fahari. Viboko si ninavyoviogopa. Ninaogopa ile dakika utakapojua, mbele ya watu wageni, mbali na nyumbani, kwamba baba yako hakusomewa. Nimeona afadhali ujue kwangu.

Kukusahihisha siwezi. Nilijaribu usiku wa kuamkia jana kupanga kichwani ni kipande kipi cha kweli kilichotoka kwenye sura fupi na kipi changu, nikaona vimeshonana, sivitambui tena. Sina msahafu hapa, na hata ningekuwa nao, siku moja haitoshi. Ninachojua kwa hakika ni tisa za mwanzo.

Kuna jambo dogo ambalo limenijia mwaka huu, nikiwa napiga mswaki, wala si wakati wa kufikiri. Ningeweza kurudia. Nilipofika aya ya tisa ningeweza kurudi ya kwanza, nikazisoma zile zile mara kumi, mara ishirini, mpaka Mwalimu afike. Wanawake wangelia vile vile. Kaka yangu angejua nimeishia hapo, na nadhani angetabasamu, kwa maana alikuwa akinijua. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nilikuwa na kitu kidogo cha kweli nikakionea haya kwa udogo wake. Sikuambii haya ili uwe mtu fulani. Nakuambia kwa kuwa najua unafanana na mimi, unapenda kusifiwa kimya kimya, na siku moja utajikuta umevuta pumzi.

Nina ombi moja. Utakapohifadhi, na utahifadhi, rudi unikalishe chini unisomee yote. Halafu nami nitakusomea ile yangu, kama nitakuwa bado naikumbuka, na wewe uniambie kila mahali ilipokuwa uongo. Mwalimu Salimu alisema anayehifadhi anajua. Nataka niambiwe na anayejua, na ningependa awe wewe.

Mpaka hapo ndipo nilikuwa nimefika, ukaingia darasani. Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika ili ukiwa mkubwa ujue na mimi niliyaona.

Ulisema bibi ananiita nikale. Nilikuambia ukae kwenye dawati, unisomee Yasini. Ulifurahi. Ulipomaliza aya ya tisa nilikuwekea mkono begani.

"Mbona umenisimamisha, baba mdogo?"

"Kurani niliyomsomea baba yako iliishia hapo."

"Hapana, uliendelea. Mimi nilikuwepo."

Nikakuambia kwamba niliendelea, ila haikuwa Kurani, niliitunga mimi mwenyewe. Ulinitazama ukisubiri nicheke. Niliona unapita kichwani mwako ukiitafuta yote, kipande kwa kipande. Kisha ukauliza kwa sauti ndogo, "Sasa baba alisikia nini?"

Nilitaka kukuambia habari ya midomo yake. Nikaogopa kwamba hata hiyo nimeitunga. Wewe ukainuka, ukasema chakula kinapoa, ukaenda.

Ulipotoka nilichana ukurasa mwingine nikamwandikia mwalimu wako wa Kondoa mistari minne. Nimemwambia kwamba mtoto huyu amefundishwa Yasini vibaya na mimi, kwamba aya tisa za mwanzo ni sahihi, kwamba yanayofuata ni ya kwangu na wala si kosa lake, na kwamba namwomba amwanzishe kwenye aya ya kumi. Nimeandika jina langu kamili, la marehemu kaka yangu, na la kijiji. Sikuifunga. Niliipeleka kwa Mzee Nkuwi nikampa Mwalimu Salimu, nikamwambia aisome kwanza yeye. Aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena, akaikunja akaitia mfukoni mwa kanzu. Nilimpa shikamoo, hakuitikia, nikaja nyumbani. Ulikuwa umeshalala, umeelekea ukutani. Nikimaliza hapa nitaiweka barua hii ndani ya shati lako la kesho, kisha nitakula ugali uliobaki.

Baba yako mdogo,
Iddi